Mshono wa alumini ukipasuka, angalia waya kwanza

Wateja wengi wakiona ufa umerudi kwenye mshono wa kuchomelea husema neno moja: "Fundi, ongeza tu juu yake." Mimi hukataa. Ukipitisha mshono juu ya ufa, ufa unabaki palepale chini, na injini ya boti ikianza kutikisika utapanda tena hadi juu. Unachimbwa kwa grenda mpaka uishe wote, ncha yake inatobolewa tundu dogo la drili ili usiendelee kutembea, ndipo unachomelea.

Hiyo ni tiba. Kinga iko kwenye waya wa kuchomelea, ule unaoyeyushwa kujaza mshono.

Kazi zinazotoka mwalo wa Kirumba na Igogo, hapa Mwanza, ni fremu za turubai za boti, breketi za injini, na mara mojamoja boti nzima ya bati la alumini. Kwa macho zote ni alumini tu, lakini kila moja ina tabia yake. Mabomba ya fremu mara nyingi ni aloi (alumini iliyochanganywa na vitu vingine) ya namba 6061 au 6063, na hizo ndizo zinazopasuka hovyo. Mshono wake unapoganda, katikati ya chembe zilizokwisha kuwa ngumu hubaki utando mwembamba ambao bado ni uji, na wakati huohuo alumini inasinyaa, tena karibu mara mbili ya chuma cha kawaida. Utando unachanika. Ndiyo maana fundi akiyeyusha kingo mbili zishikane bila waya, au akikata ukanda wa bomba lilelile akautumia kama waya, ufa ni wa kutegemea. Tumia waya wa namba 4043, wenye silikoni kama asilimia 5, au 5356, wenye magnesiamu kama asilimia 5.

Bati la boti likiwa aloi ya 5083, waya wa 4043 weka kando kabisa. Mshono utakuwa mkavu, wa kukatika. Hapo ni 5356 au 5183. Breketi za kusubu zenye silikoni nyingi zinakubaliana na 4043. Dukani usiseme "nipe waya wa alumini", maana utapewa uliopo. Taja namba, kisha uisome mwenyewe kwenye paketi.

Sehemu ya pili ambako ufa huzaliwa ni mwisho wa mshono. Fundi aliyezoea chuma hufika mwisho akaachia tochi ya kuchomelea ghafla, na pale panabaki kishimo kama cha kidole. Kiangalie kikipoa: katikati yake utaona nyufa ndogo zenye umbo la nyota. Punguza moto taratibu huku ukiendelea kulisha waya, rudi nyuma kidogo juu ya mshono, jaza mpaka pabaki kanundu, na usiondoe tochi kabla gesi inayotoka humo haijamaliza kukifunika. Mshono wenyewe nao uwe na tumbo kidogo. Mshono uliobonyea ni mwembamba katikati, na hapo ndipo unapovutwa ukachanika.

Usafi najua mmeusikia sana. Utando wa oksaidi unaofunika alumini huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi, ilhali alumini yenyewe ni 660, kwa hiyo futa grisi kwanza, halafu piga brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma. Ukianza na brashi unaisambaza grisi. Gesi ni agoni safi, si ile iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi. Na sisi wa kando ya ziwa tuna unyevu: waya ukilala nje ya paketi, mshono unatoka na vitundu. Kupasha kipande moto kunasaidia kikiwa kinene, ila kwa 6061 usivuke nyuzi 120 hivi, na 5083 usiipashe zaidi ya kukausha unyevu.

Kupima kabla mwenye boti hajaja, paka chaki upande mmoja wa mshono na mafuta ya taa upande wa pili, uache kwa muda. Ufa uliopenya utauona kwenye chaki. Ule usiopenya mafuta ya taa hayauonyeshi. Kwa breketi ya injini nunua rangi nyekundu ya kupimia nyufa, na gharama yake iweke kwenye bei ya kazi.