Mgeni siku ya tatu mpe jembe: sauti ya dijitali kutoka kwenye mashine pepe

Kompyuta yangu ya nyumbani inatumia Linux, na ndani yake nimeweka mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na programu) ya Windows kwa ajili ya programu chache zisizo na mbadala. Sauti inaenda kwenye ampu kwa kebo ya Toslink, ile inayomulika mwanga mwekundu nchani. Nilichotaka ni filamu ichezwe ndani ya Windows hiyo, ampu iandike Dolby Digital kwenye kioo chake, spika tano na sabufa zilie. Kama nawe unahangaikia jambo hilo, acha kwanza kupekua mipangilio ya sauti ya mgeni, yaani Windows iliyo ndani ya mashine pepe. Jibu haliko huko.

VirtualBox na QEMU, programu za kuendesha mashine pepe, humpa mgeni kadi ya sauti ya kuigiza, kwa kawaida AC97 au Intel HD Audio. Windows ikipata draiva yake huiona kama kadi halali kabisa, lakini hakuna waya nyuma yake. Sampuli za sauti hukabidhiwa programu ya sauti ya mwenyeji (Linux inayombeba mgeni), PulseAudio au PipeWire, nayo huzichanganya na sauti nyingine zote, huzipandisha na kuzishusha, na mara nyingi hubadilisha kasi yake ya sampuli kwa sekunde kabla ya kuzipeleka kwenye kadi ya kweli. Ukitaka kushuhudia, cheza wimbo wa 44.1 kHz ndani ya mgeni, kisha upande wa mwenyeji andika:

cat /proc/asound/card0/pcm0p/sub0/hw_params

Namba za kadi na kifaa zitategemea mashine yako. Amri ya aplay -l itakuonyesha. Uwezekano mkubwa utasoma rate: 48000. Yaani wimbo umeshapikwa upya njiani.

Kwa muziki wa stereo, wengi wetu hatutasikia tofauti. Dolby ndiyo haina msamaha. Mkondo wa AC-3, yaani Dolby Digital yenyewe, husafiri kwa utaratibu wa IEC 61937, ukiwa umefungwa ndani ya fremu zinazofanana na stereo ya kawaida ya biti 16. Mchanganyaji wa sauti hajui kilichomo. Akishusha sauti kidogo, au akibadilisha kasi ya sampuli, data imeharibika, na ampu ikiipokea kama stereo ya kawaida utasikia mkwaruzo wa nguvu zote. Kwa hiyo punguza ampu kabla ya kujaribu chochote, hasa usiku.

Dawa ni kumkabidhi mgeni kifaa chenyewe. Njia rahisi niliyoiona ni kadi ya sauti ya nje ya USB yenye tundu la Toslink. Ichomeke, kisha kwenye mipangilio ya mashine pepe iongeze kama kifaa cha USB cha mwenyeji. Kwenye virt-manager, dirisha la kusimamia mashine za QEMU, ni suala la kubofya tu. VirtualBox inahitaji jina lako liwe kwenye kundi la vboxusers, na usisahau kutoka na kuingia upya baada ya kujiongeza, la sivyo orodha ya vifaa itakuja tupu. Chagua kidhibiti cha xHCI, yaani cha USB 3. Kuanzia toleo la 7.0 kimo ndani ya programu yenyewe, wakati zamani ulilazimika kuweka kifurushi cha nyongeza.

Mgeni akishaichukua, kadi hutoweka kwa mwenyeji. Usishtuke. Ndani ya Windows iambie programu ya filamu isifungue AC-3 yenyewe bali iipitishe kama ilivyo. Kwenye kichezaji cha mpv ni mstari mmoja wa mipangilio: audio-spdif=ac3,dts.

Kinachofuata kwa wengi ni sauti kukatika na kutoa vipasuko. Sauti ya USB husafiri kwa vifurushi vya kila milisekunde moja au chini ya hapo, na kifurushi kilichopotea hakitumwi tena. Kompyuta ikielemewa kidogo, unasikia papo hapo. Hapo ndipo inafaa kumpa mgeni kidhibiti kizima cha USB kupitia VFIO, njia ya Linux inayotumiwa na QEMU kumkabidhi mgeni kifaa cha kweli, badala ya kifaa kimoja. Washa IOMMU (sehemu inayotenga kumbukumbu ya kila kifaa) kwenye BIOS, ongeza intel_iommu=on kwenye vigezo vya kuwashia kernel ya Linux kama prosesa ni ya Intel, kisha angalia kidhibiti hicho kiko kundi gani la IOMMU na kinahudumia matundu yapi. Kibodi yako isiwe humo! Vipasuko hupungua sana, maana data haipiti tena kwenye kidhibiti cha kuigiza.

Wenye kadi ya grafiki ya ziada wanaweza kuipitisha nzima na kutoa sauti kwa HDMI, ambayo hubeba hata chaneli nane bila kubanwa. Sehemu ya sauti huonekana kwenye amri ya lspci kama pacha wa grafiki, 01:00.0 na 01:00.1 kwa mfano, zipeleke pamoja. Sauti ikikwaruza kwenye Windows, kuwasha MSI (njia ya kifaa kuiita prosesa kwa ujumbe) kwa pacha huyo wa sauti husaidia mara nyingi.

Na kama shida yako ni stereo tu iliyo safi kwenye Toslink ya ubao mama, usijisumbue na hayo yote. Mwachie mgeni kadi yake ya kuigiza, fungua pavucontrol, programu ya kudhibiti sauti, kwa mwenyeji, na kwenye wasifu wa kadi chagua ule ulioandikwa IEC958, jina la sauti ya dijitali inayopita kwenye Toslink.