Baba hatoi matunzo: je, umzuie kumwona mtoto?

Wiki iliyopita nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Dodoma, aliyeachana na mumewe, akiniuliza kama anayo haki ya kumzuia baba wa mtoto asimwone mwanawe mpaka atakapolipa matunzo ya miezi aliyoiruka. Nilimjibu kwa kifupi kwamba hana haki hiyo, naye hakuridhika, akaniambia kwamba huenda mimi sikuumizwa vya kutosha. Basi nieleze kwa urefu, kwa sababu njia hiyo nimeipita yote na nikatoka na mtoto wangu mkononi, ingawa upande wa mawifi walikwisha nitabiria aibu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka baba amtunze mtoto wake kwa malazi, mavazi, chakula na elimu kulingana na uwezo wake, awe anakaa naye au mtoto anakaa kwa mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa upande wake, inampa mzazi asiyekaa na mtoto nafasi ya kuomba amri ya kumtembelea. Mambo hayo mawili hayafidiani. Ukimfungia mlango kwa sababu ya deni, siku mtakapofika mbele ya hakimu utakayeanza kujieleza ni wewe uliyekwenda kudai, na yeye atakaa pembeni akionekana ameonewa.

Habari za baraza la usuluhishi sitazirefusha. Tuliitwa, mwenzangu hakutokea, tukaitwa tena, na mwishowe nikapewa hati inayosema kwamba baraza limeshindwa kutupatanisha, hati ambayo bila hiyo shauri la talaka kwa kawaida halisikilizwi. Mvutano wenyewe ulikuwa juu ya mtoto, aliyekuwa bado hajaanza darasa la kwanza, kwa kuwa baba yake aliomba akalelewe na bibi yake, akidai kwamba mimi ni fundi cherehani wa kibarazani nisiye na kipato cha kueleweka. Maneno hayo yaliandikwa kwenye hati ya kiapo na yalisomwa mbele ya watu, na mpaka leo nikikaa kwenye cherehani huwa nayakumbuka.

Wanawake wengi hukishika kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kama hirizi, kwa kuwa kinasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vyema akae na mama yake. Wanasahau kwamba dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi, na kwamba kifungu hicho hicho kinatanguliza ustawi wa mtoto na kuitaka mahakama ifikirie madhara ya kuyavuruga maisha yake kwa kumhamisha. Afisa ustawi wa jamii alipokuja kwangu hakuniuliza nani alianza ugomvi. Aliinua chandarua akatazama mtoto analala wapi, akauliza nani hubaki naye nikienda kuchukua vitambaa, akataka kuona kadi ya kliniki, kisha akaenda kuzungumza na jirani.

Kuhusu matunzo, kilichonisaidia kuliko maneno yote ni daftari. Niliandika tarehe, kilichonunuliwa, bei yake na aliyelipa: sare, soksi, dawa ya mseto, nauli ya bodaboda. Niliandika pia kila alichotoa baba yake, hata shilingi elfu kumi alizotuma kwa simu sikukuu ya Pasaka. Alipodai kwamba alikuwa akinipa fedha taslimu kila mwezi, hakimu alimtaka aonyeshe ushahidi hata wa mwezi mmoja, naye hakuwa nao, ilhali zile elfu kumi zilikuwamo katika daftari langu kwa mwandiko wangu. Kuanzia hapo maneno yangu yalichukuliwa kwa uzito mwingine.

Dada zangu, andikeni. Hakimu anapopanga kiwango cha matunzo huangalia kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea mlipaji na gharama za maisha za mahali anapoishi mtoto, kwa hiyo anayekwenda na hasira bila hesabu humwachia mwenzake apange takwimu. Mpokeeni baba siku yake ya kumwona mtoto, mwandike kwamba alifika au hakufika, wala msimtume mtoto akamdai ada, kwani hilo ni jambo la watu wazima. Na amri ikishatolewa naye akaacha kulipa, rudini katika mahakama hiyo kuomba utekelezaji; ujumbe wa matusi usiku wa manane haujawahi kulipa ada ya mtu.

Huyu dada wa Dodoma hana amri yoyote mpaka sasa, ana ahadi za mdomo tu, na hapo ndipo shida yake ilipo. Aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake akiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na risiti alizonazo, kisha afungue maombi ya matunzo hata kama shauri la talaka halijaanza. Kiwango kitakachotolewa kinaweza kubadilishwa mahitaji yakibadilika. Changu kilipangwa mtoto akiwa chekechea, sasa ameingia darasa la nne, na maombi yangu ya kuongezewa yatasikilizwa mwezi ujao.