Gemu Inaganda? Usikimbilie Kununua Kadi Mpya

Maswali ya wiki hii yanafanana: gemu inakwama, na kila mmoja anaulizia bei ya kadi ya grafiki. Nimechukua manne.

Kaka, laptopu yangu inacheza vizuri dakika kumi tu, kisha picha zinaanza kugandaganda. Nimebadilisha draiva mara mbili, wapi! (Msomaji, Tabata)

Hizo dakika kumi ndizo zinazokupa jibu. Draiva (programu inayoendesha kadi) ikiwa mbovu, kwa kawaida husumbua tangu gemu inafunguka. Kinachosubiri mpaka mashine ichemke ni joto. Prosesa nyingi za laptopu zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue, na sisi tunacheza katika vyumba ambavyo mwezi wa pili ni vya moto hata kabla hujawasha kitu. Weka HWiNFO, programu ya bure ya kupima joto, kisha cheza gemu huku inapima. Joto likigonga 95 na kasi ya prosesa ikaporomoka, mchawi umeshampata.

Majuzi nilifungua laptopu ya mdogo wangu yenye ugonjwa huohuo. Feni ilikuwa nzima, inazunguka bila kelele. Lakini kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kupozea palikuwa na tabaka la vumbi na nyuzi za nguo, limeshikana kama kipande cha blanketi. Nilikivuta kwa kibano, kikatoka kizima. Tabaka la namna hiyo hulitoi kwa kupuliza kwa nje. Mpe fundi aifungue, asafishe na abadilishe pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa. Na tafadhali, usichezee kitandani, godoro linaziba matundu ya chini.

Nimenunua kadi Kariakoo kwa ajili ya kompyuta ya mezani, lakini gemu iko vilevile kama zamani. Nimeibiwa? (Msomaji, Mbagala)

Kabla hujapanda daladala kwenda kumgombeza mwenye duka, inama nyuma ya kompyuta. Waya wa monita umeuchomeka wapi? Ukiwa juu, karibu na matundu ya USB na ya spika, umeuchomeka kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), na kadi yako huenda imekaa bure. Uhamishie chini, kwenye matundu ya kadi yenyewe. Hili nakutana nalo mara nyingi kuliko kadi mbovu.

Ikibaki vilevile, fungua GPU-Z. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa jina kwa ndani ili ziuzwe kama mpya, na programu hiyo inazitambua nyingi za NVIDIA na kuandika FAKE mbele ya jina. Ukiliona neno hilo, sasa nenda dukani na risiti yako.

Umeme ukikatika nikabaki na betri, gemu inakuwa nzito. Betri imekufa? (Msomaji, Kigamboni)

Hapana, dada. Betri haimudu umeme ambao kadi inautaka, kwa hiyo mashine inajibana. Ila kama hata kwenye umeme ni nzito, soma wati zilizoandikwa kwenye chaja. Chaja ya wati 65 kwa laptopu iliyokuja na ya 150 italeta shida ileile.

Laptopu yangu haina kadi, RAM ni kijiti kimoja cha GB 8. Niongeze RAM au niweke SSD? (Mwanafunzi, Ubungo)

Kwako wewe, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Grafiki ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM, na kijiti kimoja ni kama barabara ya njia moja. Ongeza cha pili kinacholingana nacho, njia zinakuwa mbili. Muulize fundi kwanza kama mashine yako ina tundu la pili. SSD, diski ya kasi ya kuhifadhia, itakupunguzia kusubiri gemu ifunguke, lakini fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) haiongezi sana.

Wakati unadunduliza hela, shusha rezolusheni kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Nukta za kuchora zinatoka 2,073,600 hadi 921,600, chini ya nusu. Kisha punguza vivuli, ndivyo vinavyokula sana, halafu weka kikomo cha fremu 30 kwa sekunde. Thelathini zilizotulia zinachezeka kuliko 50 zinazoanguka hadi 20 kila adui anapotokea.