Maji Matamu Ndani ya Pango la Mangapwani

SWALI: Mhariri, nakusudia kuwatoa wanafunzi wangu Wete niwapeleke Unguja wakalione pango la Mangapwani. Je, ndilo walimofichwa watumwa? Na mbona maji yake hayana chumvi, ilhali bahari iko karibu? – Mwalimu, Wete

JIBU: Mwalimu, mahali hapo ni pawili, na wageni wengi hupachanganya. Chumba cha watumwa, kilicho karibu na ufuo, kilichimbwa na watu kwenye mwamba, kikatumika kuwaficha watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873. Pango lenyewe ni la maumbile. Utalishukia kwa ngazi hadi kwenye dimbwi la maji.

Utamu wa maji hayo ndiyo habari inayonivutia zaidi. Mvua hufyonza hewa ya kaboni, ikawa na ukali kidogo unaoyeyusha jiwe la matumbawe polepole, hivyo maji yakazama ardhini na kuelea juu ya yale ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi kuliko hayo. Waoneshe watoto tone likining'inia kwenye ncha ya jiwe: kila likidondoka huacha chembe ya chokaa, na kwa karne nyingi chembe hizo hujenga nguzo. Tafadhali wasiziguse, maana mafuta ya vidole huzuia chokaa kushikana.

Wavae viatu visivyoteleza na kila kundi liwe na tochi. Wakikuta ubani au vitambaa vya nadhiri, wasiviondoe. Baadhi ya mapango yetu ni mizimu yenye wenyewe.