Hukumu imebatilishwa. Je, kesi ya kutoroka jela inabaki?

SWALI: Wakili, salaam. Kaka yangu alifungwa hapa Kenya kwa kuvunja duka na kuiba. Akiwa kwenye shamba la gereza alitoroka, akakamatwa baada ya miezi mitano. Sasa Mahakama Kuu imebatilisha hukumu ile, kwa kuwa shahidi alimfananisha. Tulidhani yamekwisha, kumbe bado ana kesi ya kutoroka. Mtu anaadhibiwaje kwa kukimbia mahali ambapo hakustahili kuwekwa?

JIBU: Dada, poleni sana. Jibu la sheria halitakufurahisha: anaweza kushtakiwa, na anaweza kupatikana na hatia. Kifungu cha 123 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu yeyote anayetoroka akiwa katika kizuizi halali, na kesi yote inazunguka neno hilo “halali”. Hakimu hatauliza kama kaka yako alivunja duka. Atauliza kama siku alipokimbia ilikuwepo amri ya mahakama ya kumfunga. Ilikuwepo. Hukumu, hata iwe na kasoro, ina nguvu mpaka mahakama ya juu iitengue. Isingekuwa hivyo, kila mfungwa angejiamulia kesi yake, na askari jela asingejua amzuie nani.

Lakini hatia si lazima izae kifungo. Adhabu ya kosa hili haizidi miaka 2, na inaweza kuwa faini tu. Zaidi ya hapo, kifungu cha 35 kinamruhusu hakimu kumwachilia mtu bila adhabu yoyote akiona haifai kumwadhibu. Hapo ndipo wakili wenu aegemee. Hata kabla ya kufika huko, mwandikieni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mkimwomba aiondoe kesi. Kifungu cha 157 cha Katiba kinampa uwezo huo, kwa idhini ya mahakama. Ambatisheni nakala ya uamuzi wa rufaa na muonyeshe ni muda gani alikaa ndani bure.

Mimi naamini kwa dhati kwamba asiye na kosa aliyekimbia bila kumdhuru mtu hapaswi kulala jela hata usiku mmoja kwa sababu hiyo. Nchini Ujerumani, mfungwa anayejitorosha mwenyewe haadhibiwi kwa kutoroka. Huadhibiwa anayemsaidia, au wafungwa wanaoungana kutumia nguvu. Sheria yao imetambua kwamba kutamani uhuru ni maumbile ya binadamu. Sisi hatujafika huko.

Kinachonipa wasiwasi ni ile miezi mitano. Nicholas Yarris wa Pennsylvania, Marekani, alihukumiwa kifo mwaka 1982 kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Alitoroka mwaka 1985, na akiwa mafichoni akatenda makosa mengine huko Florida. Vipimo vya vinasaba vilimsafisha mwaka 2003, lakini hakutoka mpaka Januari 2004, kwa sababu ya kifungo cha hayo ya Florida. Kutokuwa na hatia katika kesi ya kwanza hakufuti ya pili. Kama kaka yako alimpiga askari, aliiba au alitumia kitambulisho cha mtu, wakili ajue leo, asije akashtukizwa mahakamani.

Na wewe pia: kumsaidia mfungwa kutoroka ni kosa zito kuliko kutoroka kwenyewe. Polisi wakikuuliza nani alimpa nauli, usijibu kabla hujaonana na wakili.