James Earl Jones si sauti ya Mufasa tu

Mkuu, umeuliza kwa nini Wamarekani wanamwita James Earl Jones gwiji wakati wewe unamjua kwa sauti tu, Mufasa wa katuni ya The Lion King na Darth Vader wa filamu za Star Wars. Jibu liko jukwaani.

Mimi naishi New Jersey, na mwishoni mwa 2015 nilikwenda Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, kumwona kwenye mchezo wa The Gin Game. Waigizaji ni wawili tu, yeye na Cicely Tyson, wanacheza karata kwenye baraza la nyumba ya wazee. Yeye alikuwa na miaka 84, mama 90. Mama anamfunga kila mchezo, mzee anazidi kuwaka. Anazipanga karata mkononi taratibu, anamtupia jicho la pembeni, na ukumbi mzima unacheka hata hajafungua mdomo. Hiyo huipati kwenye katuni.

Alizaliwa Mississippi 1931, akalelewa Michigan na babu na bibi yake. Kigugumizi kilimbana hadi akakaa miaka kadhaa karibu bila kuongea, mpaka mwalimu wa sekondari alipoanza kumsomesha mashairi mbele ya darasa. Jukwaani aliingilia mlango wa nyuma: alikuwa seremala wa jukwaa kwenye ukumbi wa mji mdogo wa Manistee, na 1955 akacheza Othello humohumo.

Aliyemtoa ni yule bondia aliyemwigiza kwenye mchezo wa jukwaani wa The Great White Hope, aliyechorwa kutokana na bondia halisi, Jack Johnson. Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Broadway, akachukua 1969. Filamu ya mchezo huo, ya 1970, ikampa uteuzi wa Oscar, tuzo ikaenda kwa George C. Scott, naye akaikataa! (Wote wawili wamo kwenye filamu ya Dr. Strangelove ya 1964.)

Darth Vader wa 1977 ilikuwa kibarua cha saa chache, kama dola 7,000. Ndani ya vazi alikuwa David Prowse, na Jones mwenyewe hakutaka jina lake liandikwe.

Kwangu mimi kilele ni Fences, mchezo wa jukwaani ulioandikwa na August Wilson, 1987, Tony nyingine. Wengi mnamjua yule mzoa taka Troy Maxson kupitia filamu ya Denzel Washington ya 2016, ila Broadway aliyemfungulia njia ni Jones.

Alifariki Septemba 2024. Miaka miwili kabla, ukumbi wa Cort, alikoanzia Broadway 1958, ulishapewa jina lake. Ukitaka pa kuanzia, tafuta ile filamu ya 1970.