Kingamwili na Keratini ya Ngozi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, tulipopima kipande cha ngozi kwa kingamwili (protini inayojishikiza kwenye kitu kimoja mahususi) ya keratini 14 (mojawapo ya protini za nyuzi za ngozi), rangi ya kahawia inayoonyesha kwamba imejishikiza haikutokea popote. Je, keratini hiyo haipo? – Mtaalamu wa maabara, Tabora.

JIBU: Usitamke kwamba haipo kabla ya kuchunguza maandalizi ya sampuli, kwa maana katika ngozi yenye afya seli za tabaka la chini kabisa la epidemisi (sehemu ya nje ya ngozi) hutengeneza keratini 5 na 14, ilhali keratini 1 na 10 hujitokeza seli zinapopanda juu. Formalini huhifadhi tishu vizuri, lakini huzifunga protini kwa viungo vya kikemia hata sehemu inayotambuliwa na kingamwili ikafichika. Ndiyo sababu vipande vya tishu iliyohifadhiwa ndani ya nta hupashwa moto kwanza ili sehemu hiyo ifunuke, mara nyingi ndani ya bafa ya sitrati (kimiminika kinachodumisha kiwango cha asidi) yenye pH, yaani kipimo cha asidi, ya 6, ingawa baadhi ya kingamwili hufanya vizuri zaidi kwenye pH 9. Hapo ndipo ningeanzia. Kisha pimeni sambamba ngozi ya kawaida: ikikosa rangi nayo, kasoro imo katika utaratibu wenu. Kipande kingine kisitiwe kingamwili ya kwanza, yaani ile inayotafuta keratini. Kikipata rangi, rangi hiyo haionyeshi keratini, hivyo matokeo yote ya siku hiyo yarudiwe.